Jiwe la Kusemea Makosa

Wanasimulia kwamba kulikuwa na mwaka, huko nyika za kusini, ambao hata umande ulitua asubuhi ukiwa na kiu. Ulikuwa mwaka wa tatu bila masika. Mito ilibaki majina tu. Kijito kimoja ndicho kilichoendelea kutiririka, chembamba kama mkia wa panya, kikipenya kati ya mawe na kupotea mchangani. Majani yalikwisha, wadudu wakahama, na wanyama waliozoea kulana wakaona hakuna faida tena: mwenye kuliwa alikuwa ngozi na mifupa, na mwenye kula alichoka kabla hajaanza kumkimbiza.

Chini ya ardhi, hata hivyo, chakula kilikuwapo. Kiliitwa ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini, kikubwa kama kichwa cha ndama, cheupe ndani, kizuri kutazama. Kila mnyama alijua ndiga zilipo na kila mnyama alizipita, kwa sababu ndiga ina sumu. Babu zao waliokula walikufa, na waliokataa kula walikuwa wakifa sasa, ila polepole zaidi.

Sungura alikuwa mmoja wa waliokuwa wakifa polepole. Yeye alijulikana nyika nzima kwa werevu, na aliyewajulisha ni yeye mwenyewe. Wengine waliishi kwa meno, kwato au pembe. Yeye aliishi kwa hila. Lakini hila inamtaka mwenye kitu, na mwaka ule hakuna aliyekuwa na kitu. Akabaki na werevu wake kama mtu aliyebaki na ufunguo wa nyumba iliyoungua.

Siku moja akachimba ndiga, akaimenya, akaikatakata, akailoweka kijitoni siku moja, kisha akapika akala. Ilikuwa tamu. Alikuwa bado analamba vidole alipomwona mzee mmoja mnene, mwekundu, amekaa kimya mbele yake. Akajipangusa vumbi na kupiga magoti.

"Shikamoo, mkwe," akasema.

Kilikuwa kichuguu. Hakikujibu.

"Najua umekasirika," akaendelea Sungura. "Mahari nimeichelewesha. Lakini binti yako nampenda, na ukitaka rehani, nakuachia masikio haya."

Mzee Kobe alikuwa amepumzika jirani. Hakucheka, maana ni mzee mwenye adabu. Alirudisha kichwa ndani ya gamba, na gamba likatikisika peke yake kwa muda mrefu. Kisha akatoka, akaenda kutafuta ukwaju. Aliporudi, kwa mwendo wake, Sungura alikuwa amekwisha kumwahidi mkwe mbuzi sita na shamba. Kobe akamnywesha maji makali ya ukwaju. Sungura akatapika, akili zikarudi, na nyuma ya akili ikaja aibu, na nyuma ya aibu njaa ileile.

Mara ya pili aliloweka siku mbili. Safari hii kichwa kilitulia, ila ulimi ulivimba na koo likaanza kuziba. Kobe akaleta ukwaju kama mwanzo, na nusura amuue: tapiko lilipanda likakuta njia imefungwa. Kilichomwokoa ni udongo baridi wa kijitoni, aliopakwa shingoni mpaka uvimbe ukashuka. Kutwa nzima Sungura hakuweza kusema neno. Nyika iliikumbuka siku hiyo kwa utulivu wake.

Alipokuwa akikata ndiga ya tatu, akapita Bi Nungunungu, mchimba mizizi hodari, pamoja na binti yake mdogo, Kasindano. Mtoto alikuwa akitembea nyuma ya mama yake. Katika ukoo wao watoto hawabebwi mgongoni, kwa sababu zinazoeleweka.

"Ndugu Sungura, unakata ndiga au unapasua kuni?" akauliza Bi Nungunungu.

"Nakata ndiga."

"Vipande vyako vinene. Sumu inajificha katikati, maji hayaifikii. Kata mpaka uinue kipande uone jua upande wa pili."

Sungura hakupenda kufundishwa kukata. Lakini alikumbuka mbuzi sita, akakata nyembamba. Vipande vikaanikwa, vikatiwa kapuni, vikazamishwa. Kobe aliagizwa aende kulitoa kapu siku ya pili asubuhi. Aliondoka mapema. Akafika siku ya tatu jioni.

Ndiga ile waliipika wakaila wote wanne, wakakaa wakitazamana. Hakuna aliyesalimia kichuguu. Hakuna aliyevimba ulimi. Kasindano akaomba aongezewe.

Hapa wasimulizi wengine husema Sungura akawahurumia wenzake wenye njaa, akaamua kuwagawia alichokijua. Ingependeza sana kama ingekuwa hivyo. Alichofikiri kwanza ni mlango. Alijiona amekaa mbele ya pango lenye mlango, wanyama wamepanga foleni, na yeye akiwaita mmoja mmoja kwa sauti ya uchovu, kama wakubwa wanavyofanya. Alikuwa ameanza hata kuijaribu sauti hiyo Kobe alipokohoa.

"Utaweka siri," akasema Kobe.

"Werevu wangu ndio uliogundua," akasema Sungura.

"Unene wa vipande ameugundua Bi Nungunungu. Siku ya tatu imegunduliwa na miguu yangu. Wewe umegundua kichuguu."

Sungura alihesabu moyoni mambo aliyoyapata peke yake, akakuta ni mahari tu. Akaona pia kwamba Kobe alikuwa akijua kila kitu, na siri iliyo mdomoni mwa Kobe hutoka polepole lakini hutoka. Basi akawa mkarimu, kwa kuwa njia nyingine ilikuwa imezibwa.

Wakatunga wimbo, ili hata asiyekumbuka mambo akumbuke:

*Kata nyembamba, jua lipenye,*
*anika mwambani, kavu ivunjike,*
*tia kapuni, kapu lifunge,*
*siku ni tatu, maji yapite,*
*gusa mdomo, ikiwasha, irudishe.*

Kando ya kijito palikuwa na jiwe bapa. Sungura akapanda juu yake, akawaita wanyama.

"Nikikupa kipande cha ndiga, changu kinapungua," akawaambia. "Nikikupa wimbo huu, mimi ninao na wewe unao. Basi chukueni. Uimbe upendavyo. Uuchunguze. Ukiona pa kubadilisha, badilisha. Mpe umtakaye, bila kumdai kitu."

"Na sharti?" akauliza Kanga, ambaye hakuwahi kupewa kitu kisicho na sharti.

"Sharti lipo. Usiufiche. Anayeupokea aupokee wote kama ulivyoupokea wewe, na ukibadilisha, sema umebadilisha nini. Na kabla hujafundisha, panda juu ya jiwe hili useme ulipokosea, na jinsi ulivyopona."

"Kwa nini makosa?"

"Kwa sababu wimbo unaonyesha njia. Shimo linaonyeshwa na aliyetumbukia."

Kisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka sharti, ikambidi aanze. Akasimulia kichuguu chote, kuanzia shikamoo hadi shamba, na ukwaju, na ulimi, na udongo. Walicheka mpaka wenye njaa wakasahau njaa. Alikuwa amezoea kuwacheka wengine. Kuchekwa kulimwasha kama ndiga ya siku moja. Lakini jioni aliona kuwa bado yuko hai, na masikio anayo.

Hivyo ndivyo desturi ilivyoanza. Kanga alipanda jiweni akasema: "Mimi Kanga nilianika vipande, nikawa nadonoa kimoja kimoja kuangalia kama vimekauka. Vilipokauka havikuwapo." Tangu hapo ikawa mwanikaji asiwe ndege. Bi Nungunungu akasema: "Nililishona kapu kwa mwiba wangu, nikasahau kuung'oa mgongoni kwanza. Tulizama pamoja." Tangu hapo kapu likafungwa kwa ukindu. Kila kosa likawa ubeti, na watoto walizijua dalili kama wanavyojua majina ya ndugu: anayekisalimia kichuguu amekula ya siku moja, mpe ukwaju; aliyevimba ulimi amekula ya siku mbili, mpake udongo, usizibadilishe dawa, utaua.

Nyika ikaanza kunenepa kidogo.

Fisi alikuja baada ya wanyama kuanza kusaga ndiga unga, siku ambayo harufu ya ugali wake ilivuka kilima. Alikula kwa jirani wa kwanza, akala kwa wa pili, akarudi kwa wa kwanza kuuliza kama aliacha kitu. Kisha akauliza chakula kinatoka wapi. Akaelekezwa jiweni. Akajifunza wimbo kwa kuusikia mara moja, maana tumbo lake lilikuwa na kumbukumbu nzuri. Makosa yalipoanza kusimuliwa, akainuka.

"Ndugu Fisi, bado kuna kichuguu na ulimi," akasema Kobe.

"Hayo ni soga, Mzee. Nimeshapata nilichofuata."

Baada ya siku chache akarudi kuomba kufundisha. Wakamwambia apande jiweni aseme alipokosea.

"Mimi sikukosea," akasema Fisi.

"Basi rudi ukakosee kwanza," akasema Bi Nungunungu. "Hatuna haraka."

Walicheka, na hawakumcheka kwa ubaya. Lakini Fisi hakuwahi kujua kicheko kinachoingiza mtu ndani; alijua kile kinachomtoa nje tu. Akashuka, akaenda zake kwa Simba.

Simba alikuwa na njaa kuliko wote, na alikuwa akiificha kuliko wote. Mara mbili alikuwa amefika karibu na kijito akaona nguchiro amesimama juu ya jiwe akieleza jinsi alivyochanganya kapu lake na kiota, akageuka. Mfalme kuketi chini amngojee nguchiro, kisha apande aseme, "Mimi nilikosea"? Heshima yake yote ilikuwa katika manyoya ya shingo, nayo yalikuwa yakipukutika.

"Mfalme," akasema Fisi, akitua kapu lililoshonwa pande zote. "Huu ni unga wa kifalme. Haukupita mdomoni mwa mtu. Hauna wimbo, hauna soga. Hauna kosa."

Simba akala. Fisi alikuwa ameuloweka siku tatu kamili, maana alimwogopa.

"Hauna kosa," akasema Simba kwa furaha. "Hiki ndicho chakula cha watu wenye heshima."

Kesho yake amri ikatangazwa. Kijito ni cha mfalme, na msimamizi wake ni Bwana Fisi. Ndiga italowekwa na Bwana Fisi peke yake, ndani ya uzio wa miiba. Wimbo usiimbwe. Anayetaka unga amchimbie Fisi ndiga siku moja, apewe kapu lililoshonwa. Kulifumua kapu na kuchungulia lilivyotengenezwa ni kosa la jinai.

Ingependeza kusema wanyama walikataa. Walilalamika siku mbili. Siku ya tatu wakagundua kwamba unga wa Fisi hauhitaji kukatwa, kuanikwa wala kuimbiwa. Unaufungua na kupika. Na jiweni palikuwa na jua kali. Wakaenda mmoja mmoja, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba anakwenda kwa sababu ya watoto. Sungura mwenyewe, mwenye wimbo, alionekana akitoka kule na kapu kichwani.

"Nakwenda kuuchunguza," alimwambia Kobe.

"Chunguza," akasema Kobe. "Ukiiva uniite."

Fisi, kwa upande wake, hakuanza akiwa na nia ya kumuua mtu. Tumuachie hilo. Alianza na siku tatu. Kisha foleni ikawa ndefu, na tumbo lake likawa refu kuliko foleni, akajiuliza nani ataona ikiwa siku mbili na nusu. Hakuna aliyeona. Ikawa mbili. Vipande vikawa vinene, maana kukata nyembamba kunachosha. Kuna kapu la siku mbili, kuna la siku moja. Ndani ya mshono yote yalifanana. Anayekuja akilalamika kizunguzungu aliambiwa, "Unga wangu hauna kosa. Chunguza tumbo lako." Akarudi nyumbani akiona haya kuwa na tumbo baya. Na kwa kuwa jiwe lilikuwa nyuma ya uzio, hapakuwa na pa kusemea. Kila mmoja akaumwa peke yake, akidhani yuko peke yake.

Asubuhi moja Bi Nungunungu alikuja mbio kwa Sungura na Kobe, miiba imesimama.

"Kasindano," akasema. "Amekula, nikaenda kuchota maji. Nimerudi nimemkuta chini. Meno ameyafunga, macho yamegeuka, hasemi."

Wakaenda. Mtoto alikuwa amelala ubavu, anapumua kwa shida. Kando yake kulikuwa na kapu la Fisi, ndani yake ugali wa asubuhi umebaki nusu.

"Amesalimia kitu chochote?" akauliza Kobe.

"Sikuwapo, Mzee."

"Ulimi?"

"Meno hayafunguki nikaona. Nimeleta ukwaju, nimeleta udongo. Lakini kama ni ya siku mbili nikampa ukwaju, namnyonga kwa mkono wangu. Na kama ni ya siku moja nikampaka udongo, nakaa namtazama akifa amepakwa tope." Akawageukia. "Imelowekwa siku ngapi? Nataka hilo tu. Siku ngapi?"

Sungura alikuwa amesimama nyuma, masikio yamelala.

"Bi Nungunungu," akasema. "Wiki iliyopita nilikula la kwake. Niliamka nimekumbatia mzizi, namwita shemeji. Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu. Mimi niliyepanda jiwe lile wa kwanza, nikanunue sumu kwa sababu ya uvivu wa kukata? Nilisema nitanyamaza hii mara moja tu."

Bi Nungunungu alikunjua jamvi kando ya mtoto. "Utaniambia vizuri baadaye," akasema. "Sasa twende."

Wakambeba mtoto kwenye jamvi, Kobe kando yake, pamoja na kapu, udongo na ukwaju, mpaka penye baraza la Simba. Simba alikuwa ameketi, Fisi kuumeni kwake, na wanyama wengi walikuwapo wakingoja makapu. Katikati ya uwanja palikuwa na kichuguu, maana uwanja ule ulikuwa wa mchwa kabla haujawa wa mfalme.

"Bwana Fisi," akasema Bi Nungunungu, "sikuja kugombana. Kapu hili umeloweka siku ngapi? Niambie nimtibu mwanangu."

Fisi akalitazama kapu, akamtazama Simba. Alilijua. Lilikuwa na mshono wa haraka.

"Utengenezaji ni siri ya mfalme," akasema.

"Taja siku tu. Moja, au mbili?"

"Tatu. Unga wetu hauna kosa. Labda mtoto ameanguka akicheza."

Simba akanguruma kidogo. "Umesikia. Unga wangu hauna kosa."

Sungura alikuwa na jambo moja analoliweza, nalo halikuwa ukarimu. Akapenya mbele, akainama mpaka masikio yakafagia vumbi.

"Ewe Mfalme, hakuna anayebisha. Ni hawa akina mama, wanasemasema. Wakimwona mtu mwenye heshima akila kutoka kapu hilohilo na asipate kitu, watanyamaza. Lakini nani aombwe jambo zito kama hilo? Bwana Fisi ni msimamizi, tumbo lake haliwezi kuwa shahidi. Linahitajika tumbo ambalo kila mtu analiamini."

"Mfalme ana kapu lake," akasema Fisi haraka. "Nalileta sasa hivi."

"La kwake?" akauliza Sungura kwa upole. "Kwani makapu yanatofautiana?"

Simba akageuza kichwa polepole.

"Yanatofautiana?" akauliza.

"Hapana, Mfalme," akasema Fisi. "Yote sawa."

Simba akalivuta kapu la mtoto. Ugali ulikuwa umepikwa tangu asubuhi, umepoa. Akaumega, akala kwa madaha, kwa vipande vikubwa, akiwatazama wote, ili aonekane. Sungura alirudi nyuma mpaka kwa Kobe, aliyekuwa ameketi juu ya kibuyu cha maji ya ukwaju.

"Kibuyu kimoja tu?" akanong'ona Sungura.

"Nilipewa muda mfupi," akasema Kobe.

Wakangoja. Kivuli cha mfalme kilisogea upana wa kwato. Bi Nungunungu alikuwa amepiga magoti jamvini, mkono mmoja juu ya udongo, mwingine umenyooshwa kuelekea kibuyu, na alimtazama Simba kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa wino mwepesi. Mtoto akapumua, pumzi ikakawia, akapumua tena.

Simba akajipangusa midomo. "Mnaona?" akasema. "Hakuna..." Akasita. Akainuka. Akayatengeneza manyoya ya shingo kwa kucha, akatembea kwa adabu ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake, mpaka katikati ya uwanja, akapiga magoti.

"Shikamoo, mkwe," akasema.

Nyika yote, kuanzia nguchiro hadi twiga, ikasema kwa sauti moja kama wanaomalizia ubeti: "Siku moja."

Bi Nungunungu hakungoja neno zima. Kibuyu kilikuwa mikononi mwake kabla Kobe hajashuka vizuri. Akapenyeza ukwaju pembeni ya meno ya mtoto, kidogo kidogo, akamgeuza kifudifudi, akampapasa mgongo palipo na miiba michanga. Mikono ilimtoka damu na hakuitazama. Mtoto hakufanya kitu. Akamnywesha tena. Mtoto akakohoa, akatapika, akalia.

"Mfalme yuko katika maombi," akasema Fisi, akirudi nyuma hatua moja baada ya nyingine. "Ni ibada hiyo."

"Mtibu basi," akasema Kobe. "Wewe ndiye mtengenezaji. Anapewa nini?"

Fisi akafungua mdomo. Aliujua ubeti wa kwanza, neno kwa neno. Dawa haikuwa ndani ya ubeti huo. Ilikuwa ndani ya soga, na yeye alikuwa ameinuka kabla ya soga.

Wakati huo Kasindano alifumbua macho. Aliangalia uwanja, akamwona Simba amepiga magoti akiahidi nusu ya ufalme na fahali wawili wa nyati.

"Mama," akauliza kwa sauti nyembamba, "mfalme anaoa?"

Walicheka. Bi Nungunungu alicheka huku analia, na ukwaju uliobaki kibuyuni akampa Sungura ampelekee bwana harusi.

Uzio wa miiba ulivunjwa siku hiyo na wengine wakaufanya kuni za kupikia. Kesho yake Simba alikuja kijitoni, akasimama mbele ya jiwe bapa muda mrefu, kisha akapanda. Jiwe lilikuwa dogo kwake.

"Mimi Simba," akasema, "nilidhani kipo chakula kisicho na kosa." Akayashika manyoya ya shingo. "Na nimemchumbia binti wa kichuguu."

"Kwa mahari gani?" akauliza Kanga, ingawa alisikia vizuri jana yake.

"Nusu ya ufalme."

"Afadhali wewe," akasema Sungura. "Mimi niliweka rehani masikio."

Simba akacheka, kicheko kifupi, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Na manyoya yake hayakupukutika kwa sababu hiyo.

Fisi naye aliitwa. Hawakumpiga. Walimwambia wimbo bado ni wake kama ulivyo wa kila mtu, na sharti ni lilelile: apande aseme alipokosea, kisha ale. Akapanda. Akasema, "Mimi Fisi nili..." Neno likamkwama kooni, akalimeza, likapanda tena, likatoka kama kicheko kirefu kisicho na furaha. Akashuka mbio. Mpaka leo ukimsikia vichakani anacheka hivyo, ujue anajaribu tena kuanza. Tusimcheke sana. Wengi wetu hatujafika hata kwenye "nili".

Wa mwisho kupanda jiwe siku ile alikuwa Sungura. Alikaa juu yake kimya mpaka wakadhani ulimi umemvimba. Kisha akasema kosa lake la wiki iliyopita: mzizi, shemeji, kapu alilobeba kichwani, na aibu iliyomfunga mdomo mpaka mtoto wa mwenzake akaanguka. Hakulipamba. Kasindano, aliyekuwa amejikunja pembeni mwa mama yake, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo shemeji alikuwa wa upande gani. Bi Nungunungu hakucheka, lakini alisogea kidogo jamvini, akamwachia Sungura nafasi ya kukaa.

Masika yalirudi baadaye, na ndiga zikarudi kuwa viazi vya kupitwa. Wimbo umebaki. Sasa una beti nyingi, na hakuna anayekumbuka ubeti wa Sungura ni upi. Yeye mwenyewe akiulizwa, huonyesha ule wa kichuguu. Nami niliyeupata kwa waliokosea kabla yangu nauacha hapa kama nilivyoupokea, pamoja na neno walilolichonga kwenye lile jiwe bapa:

Mficha uchi hazai.